Wasomaji Wanauliza: Je, Vikao vya Ana kwa Ana Vimepitwa na Wakati?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni msimamizi wa ofisi katika kampuni ndogo inayonunua parachichi. Makao yetu ni hapa Mbeya, na tuna vituo vya kukusanyia matunda Rungwe na Njombe. Zamani wasimamizi wote wa vituo walikuja Mbeya kila mwezi kwa kikao, lakini mwaka jana mkurugenzi alivifuta vikao hivyo akisema nauli, posho na malazi vinamaliza fedha. Sasa tunakutana kwa video na kupashana habari kwenye kundi la WhatsApp. Vikao ni vifupi na kila mtu anasema "sawa". Msimu huu, hata hivyo, mizigo miwili imekataliwa kiwandani kwa kuwa matunda hayakukomaa, ilhali kundini tuliandikiwa "mzigo umetoka salama". Baadaye msimamizi mmoja alipita ofisini kwa shughuli nyingine, akatoa tunda mfukoni, akalipasua mezani kwangu na kunionyesha ganda la kokwa likiwa bado nene na jeupe, badala ya kuwa jembamba na la kahawia. Akasema wanunuzi wetu wa vijijini wanachumisha mapema kwa kushindana na walanguzi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Dada, jambo kama hili nitaliandikaje kundini?" Je, nimshauri mkurugenzi arudishe vikao, au nang'ang'ania ya kale?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, dada. Mkurugenzi wako ana hoja, na ukienda kwake kutetea kila kilichokuwapo zamani hutafika mbali. Sehemu kubwa ya vikao vya ofisi zetu huishia kwa mtu kuwasomea watu wazima taarifa ya mwezi ambayo wangeweza kuisoma wenyewe. Kumsafirisha mtu kutoka Njombe, alale gesti, ili aje asikilize hesabu za kreti zikitajwa kituo baada ya kituo, ni kumchosha bure na kumweka barabarani bila sababu. Taarifa hizo ziandikwe, zitumwe siku mbili kabla, na zisisomwe tena kikaoni.

Kilichopotea ni kingine, na msimamizi wako amekitaja kwa kinywa chake. Habari mbaya, hasa inayomgusa mwenzako au mkubwa wako, ni vigumu kuitoa kwenye kundi ambako neno likishaandikwa linabaki, linapigwa picha na kupelekwa kwingine bila wewe kujua. Katika malezi yetu mdogo humpinga mkubwa kwa hatua: huomba radhi kwanza, huanzia mbali, huutazama uso wa anayemsikiliza, akiona umekunjamana hurudi nyuma kidogo, na akiona anasikilizwa huendelea mpaka afike kwenye kiini cha jambo. Watu wakikaa chumba kimoja, nafasi hiyo ipo. Kwenye video, wenzake wakiwa wamezima kamera ili kuokoa bando, hana uso wa kuutazama, kwa hiyo husema "sawa", na kumbukumbu za kikao huandikwa kwamba wajumbe wote wameafiki. Mimi naamini kwamba mizigo yenu miwili ilianza kuharibika hapo, kabla hata ya gari kuondoka kituoni.

Hata mwendo wa mazungumzo wenyewe hubadilika. Mwaka 2009 watafiti waliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia walionyesha kwamba, kwa wastani, kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu hupita takribani sehemu ya tano tu ya sekunde. Mtandao ukisuasua, sauti huchelewa kuliko hapo. Wawili huanza kusema kwa pamoja, wote hunyamaza, kisha kila mmoja humwambia mwenziwe "endelea", na mara nyingi mwenye cheo kidogo ndiye anayeacha kabisa alichotaka kusema.

Utakapozungumza na mkurugenzi, mtajie pia utafiti wa Melanie Brucks na Jonathan Levav uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022. Waligundua kwamba watu wawili wawili waliokaa pamoja waliibua mawazo mengi zaidi kuliko waliounganishwa kwa video, kwa kuwa macho ya wale wa video yalibanwa na skrini; lakini ulipofika wakati wa kuchagua wazo lililo bora, wale wa video hawakuachwa nyuma. Kwa hiyo huhitaji kumwomba arudishe vikao vyote. Mwombe vichache: kimoja kabla ya msimu wa kuchuma, kimoja katikati na kimoja baada ya msimu, na vingine vibaki kwenye simu.

Vikao hivyo visifanyike Mbeya kila mara. Mkurugenzi aende Tukuyu, aende Njombe, akae kwenye benchi la kituo, na matunda yapasuliwe mbele ya watu wote kama yule msimamizi alivyofanya mezani kwako. Ajenda ya "Mengineyo" nayo ihamishiwe mwanzoni, kwa sababu ndiyo inayobeba mambo yenyewe, na kwa desturi yetu hufikiwa wakati watu wameshaanza kuulizia gari la mwisho. Epukeni tu kikao ambacho nusu ya watu wako chumbani na nusu wako kwenye simu. Wa kwenye simu husahauliwa mapema sana.

SWALI: Nafanya kazi Mafinga. Mwajiri ameniita kwenye kikao cha nidhamu kwa njia ya video. Nikatae kuhudhuria?
Msomaji, Mufindi

JIBU: Usikatae. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinamruhusu mwajiri kuendelea na kikao bila wewe ikiwa umekataa kuhudhuria pasipo sababu ya msingi. Mwandikie barua leo, ukiomba kikao kifanyike ana kwa ana na ukieleza sababu: unataka kuziona nyaraka zinazotumika dhidi yako, na unataka mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako akae kando yako, jambo ambalo kanuni hizo zinakupa haki nalo. Omba pia muda wa kujiandaa. Saa 48 ndizo zinazotajwa humo. Akikataa, hudhuria hivyo hivyo, ombi lako liingizwe kwenye kumbukumbu, na uchukue nakala yake. Ukiachishwa kazi, unazo siku 30 za kupeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.