Nimefilisika, ila mkono bado unatoa

SWALI: Shangazi shikamoo. Nilikuwa na duka la vitenge Kariakoo, mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ikanimaliza, gari nikauza, sasa tumepanga chumba kimoja Mbagala nakaanga maandazi asubuhi na daladala napanda kama wengine, na cha ajabu nalala usingizi kuliko zamani. Shida mume wangu ananuna nikiwapa watoto wa jirani maandazi ya bure wakienda shule, anasema bado tunadaiwa. Nakosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukosei, ila mzee naye ana pointi, deni la watu ni deni. Kila siku tenga kwanza hela ya unga, mafuta na marejesho, ikibaki ndo ugawe, na hesabu aione kwa macho yake sio anakuta tu ndoo imepungua. Maandazi manne hayafilisi mtu bana, kilichokufilisi ni riba! Halafu huko uswahilini siku gesi imekata saa kumi alfajiri nani atakuazima mkaa? Huyo huyo jirani. Na kama uko kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, nunua hisa unayoiweza, acha kushindana na wenye duka. Na yale ya kwanza kutoka kwenye karai mpelekee mzee na chai yake, nahisi hapo ndo ananuna.