Dai limerudi hatua ya 3: je, limekataliwa?

Swali: Shikamooni. Mjomba wangu alitumikia Jeshi la Marekani, sasa amerudi kuishi nasi Nzuguni, Dodoma. Ameomba fidia ya ulemavu wa goti kwenye Wizara ya Maveterani ya Marekani (VA). Juzi dai lilikuwa hatua ya 5, leo limerudi ya 3. Mjomba amekata tamaa, anasema wamemnyima. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Hajanyimwa, na tunaomba umwambie leo hii. Kukubaliwa au kukataliwa hujulikana hatua ya 8, kwa barua. Hatua ya 1 ni kupokelewa kwa dai. Ya 2, ukaguzi wa taarifa za msingi. Ya 3, kukusanya ushahidi. Ya 4, kuupitia. Ya 5, kupanga asilimia ya ulemavu. Ya 6, kuandaa barua. Ya 7, uhakiki wa mwisho.

Kurudi nyuma ni jambo la kawaida. Ofisa anayepanga asilimia hufungua faili akakuta ripoti ya kipimo haisemi goti limeumia vipi, au rekodi ya hospitali haimo. Hapo analirudisha dai hatua ya 3. Nanyi mnaweza kulirudisha wenyewe bila kujua: kila karatasi mpya mnayopakia inabidi ipitiwe. Familia nyingi zikipata wasiwasi hupakia cheti kilekile mara tatu, na hapo ndipo dai huchelewa. Kusanyeni vyote, mpakie kwa mkupuo mmoja.

Msihangaike na namba ya hatua. Fungueni sehemu ya nyaraka ndani ya dai, mwone VA inadai nini na kwa nani. Kama inamdai mjomba, kwa kawaida ana siku 30; zikipita, wanaweza kuamua kwa kilichopo, ingawa ushahidi unaofika ndani ya mwaka mmoja bado hupokelewa. Kama wanasubiri kumbukumbu kutoka jeshini, hana la kufanya mpaka waseme. Angalieni pia anwani: ikiwa kwenye akaunti bado ni ile ya Marekani, barua zinaenda huko. Wekeni S.L.P. ya Dodoma.

Kuhusu taarifa ya daktari, awe wa Benjamin Mkapa au wa hospitali ya mkoa, bahati nzuri hapa kwetu huandikwa kwa Kiingereza. Ila "mgonjwa ana maumivu ya goti" haitoshi kabisa. Mwombeni aandike jina la ugonjwa, goti linakunjika nyuzi ngapi na maumivu yanaanzia nyuzi ya ngapi, na hali inakuwaje siku linapomzidia. Kisha, baada ya kusoma kumbukumbu za matibabu ya jeshini, atoe maoni kama uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni nusu kwa nusu au zaidi, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo yenye uzito. Maoni yasiyo na sababu huwekwa kando.

Mkitaka kupiga simu, laini ya VA hufunguliwa saa 2 asubuhi ya mashariki mwa Marekani, yaani saa 9 alasiri hapa Dodoma, au saa 10 jioni kipindi cha baridi kwao wanaporudisha saa nyuma. Namba za bure za 800 mara nyingi hazishiki kutoka nje. Tumeni ujumbe kupitia tovuti yao, mbaki na maandishi.

Swali: Akiitwa kupimwa Dar es Salaam na siku hiyo anaumwa?

Jibu: Asikae kimya. Atoe taarifa kabla, aombe tarehe nyingine. Akikosa bila sababu ya msingi, dai la mara ya kwanza huamuliwa kwa karatasi zilizopo. Ombi la kuongezewa asilimia hukataliwa.

Swali: Akipewa asilimia 50 kwa ulemavu mmoja na 30 kwa mwingine, si ni 80?

Jibu: Hapana. Hiyo asilimia 30 hukatwa kwenye 50 iliyobaki kufika 100, inakuwa 15. Jumla ni 65, nayo hupandishwa hadi 70.

Swali: Kuna kijana anasema tukimpa laki tatu atasukuma faili.

Jibu: Msimpe hata shilingi. Kumtoza mtu ada kwa kumwandalia dai la mara ya kwanza kumekatazwa, na vyama vya maveterani vinavyotambuliwa na VA husaidia bure. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada tu ya uamuzi wa kwanza kutoka. Jina lake litafuteni kwenye orodha ya VA yenyewe. Na neno la siri la akaunti vishoka wasilipate: anayeingia humo anaweza kubadilisha namba ya benki inayopokea malipo.