Matroni Anajibu: Ratiba Kwanza, Keki Baadaye

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nusu yake zinauliza habari ya vidonge vya usingizi. Hizo nimezijibu kwa pamoja hapa chini, na nisiulizwe tena.

Shikamoo Matroni. Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, inakaribia. Hospitali yetu imetenga pesa za keki, fulana na mzungumzaji wa kuwapa wauguzi motisha. Tuongeze nini? – Afisa wa wafanyakazi, Nyali

Marahaba. Punguzeni, msiongeze. Kila mwaka ni fulana, na kila mwaka muuguzi anaivaa huku hajui wiki ijayo yuko zamu gani. Anzeni na ratiba. Ibandikwe ukutani mwezi mmoja kabla, na ikishabandikwa isikatwekatwe kwa kalamu nyekundu kila Ijumaa. Aliyetoka usiku asipigiwe simu saa nne asubuhi aje kuziba pengo. Hesabuni wodi ya wazazi ina wauguzi wangapi saa nane za usiku, na kati yao ni wangapi waliopata kula. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, uchovu wa kazi unaommaliza mtu, Waingereza wanauita "burnout", uliwekwa humo kama jambo linalotokana na kazi, wala haukuitwa ugonjwa. Walisema unazaliwa na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Sasa huyo mzungumzaji anakuja kumtibu muuguzi kitu gani, ilhali mgonjwa ni ratiba?

Kama pesa lazima zitumike, wekeni gari la kuwafikisha nyumbani wanaotoka saa tatu usiku, maana anayeishi Likoni bado ana feri mbele yake. Wekeni feni inayozunguka kwenye chumba cha kupumzikia. Joto la Machi hapa Mombasa mnalijua. Birika. Choo chenye kitasa. Na kwa kuwa mnapenda tarehe: 12 Mei ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, mwaka 1820, na bibi huyo alisifika kwa kuhesabu askari waliokufa hospitalini na kuwapelekea wakubwa takwimu zao. Angeingia kwenu angeitisha daftari la wafanyakazi kabla ya kisu cha keki.

Matroni, nusu kidonge cha diazepamu cha kulalia mchana kina ubaya gani? – Wengi wenu

Kinazoeleka upesi, na hiyo nusu mara nyingi imetoka kabati la wodi. Hiyo ni dawa ya mgonjwa, na leseni yako iko juu yake. Kahawa ya mwisho unywe kabla ya saa tisa usiku, chumba kiwe na giza, basi. Ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, muone daktari kama mtu mwingine yeyote.

Mke wangu ni muuguzi. Akitoka zamu ya usiku analala mpaka alasiri, na mama yangu, aliyekuja kututembelea, ananiuliza nimeoa mtu wa namna gani. – Mume, Kisauni

Umeoa mtu aliyekesha kazini wewe ukiwa umelala. Anatoka saa moja asubuhi, anangoja matatu ijae, anafika, anaoga. Kitanda kinamwona saa tatu. Hebu hesabu saa sita kutoka hapo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo yumkini yanasababisha saratani, kwa hivyo usingizi wake usiuone anasa. Tundika pazia zito, watoto wacheze kwa jirani, na muuza mahamri asibishe hodi dirisha hilo. Mama yako muelezee wewe, usimwachie mke. Chakula cha mchana kipike pia. Mbaazi hazijui nani kaziinjika.

Nilidungwa na sindano iliyotumika nikiwa zamu, jana usiku. Nikaosha, nikaendelea na kazi. Naogopa inchaji, msimamizi wa wodi, atanigombeza. – Muuguzi, Changamwe

Huyu nilimjibu siku ileile, sikungoja safu hii. Narudia kwa ajili ya wengine mnaoficha. Osha kwa sabuni na maji mengi, usikamue damu, kisha nenda ukaonwe papo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Zinanywewa siku 28. Uliza pia habari ya homa ya ini aina ya B. Kama hukumaliza chanjo zake tatu, sema. Tukio liandikwe, kwa sababu Sheria ya Kenya ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 haitakusaidia kwa jambo ambalo halimo popote kwenye karatasi. Na sindano hairudishwi kifuniko, inaingia kwenye boksi lake moja kwa moja. Boksi likijaa mpaka sindano zinachungulia, hilo ni kosa la msimamizi kabla halijawa lako. Inchaji anayegombeza aliyedungwa anawafundisha wengine wote kunyamaza.

Makabidhiano ya zamu yetu huangukia Magharibi. Ramadhani inakuwa vurugu, kila mtu anatafuta tende. – Inchaji, Tudor

Yasogeze nusu saa mapema mwezi huo. Wasiofunga washike wodi wenzao wafuturu, na Krismasi ikija deni lilipwe. Liandike kwenye ratiba, usiliache kwa hisani ya mtu.

Mtoto alifia mikononi mwangu. Dakika chache baadaye niliitwa kuweka dripu kitanda kingine. Wenzangu wanasema nitazoea. – Wodi ya watoto

Pole sana, mwanangu. Usitake kuzoea, niliowaona wamezoea ndio wale wanaomjibu mama wa mgonjwa bila kumtazama usoni. Ulilohitaji ni mtu wa kuweka ile dripu badala yako ukanywe maji, ukanawe uso. Kabla zamu haijaisha, timu ilipaswa kukaa dakika kumi mkasema kilichotokea, pasipo kutafutana makosa. Mwombe inchaji mkae hata sasa. Kama bado unaiona sura ya mtoto kila ukifumba macho, au unaogopa kurudi wodi ile, tafuta mshauri nasaha, na ukiona haya kuonwa na wa hospitali yenu nenda kwingine. Wakubwa wanaosoma hapa: ikiwa wodi haina mkono wa ziada wa kumpokea mtu dakika kumi, msiniambie mnajali.

Nakamua maziwa chooni. Ni sawa? – Mama mpya

Si sawa wala si halali. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea, na chumba hicho kisiwe msalani. Andika barua, ubaki na nakala.

Nafanya usiku hospitali ya umma, mchana nafanya lokamu, yaani zamu za kibarua, hospitali ya kibinafsi. Nitumie nini nisisinzie? – Muuguzi, Mvita

Tumia kitanda. Najua karo, najua mshahara unavyochelewa, sikuhukumu kwa kutafuta. Lakini aliyekaa macho saa 24 ana akili ya mlevi asiyeruhusiwa kushika usukani, na wewe unapima insulini. Sheria ya Ajira inakupa siku moja ya mapumziko kila wiki na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Wangapi kati yenu mmezichukua zote? Lokamu kama haikwepeki, iweke siku ya ofu ukishalala usiku mzima, kamwe si asubuhi ya kutoka zamu. Na hiyo pikipiki yako asubuhi hiyo iache hospitalini, upande matatu.