Ukijilaza mawazo ndiyo yanazidi? Anza na taya na mabega

Mkuu mleta uzi, pole. Umesema ukitoka kazini unajilaza upumzike, hapo ndipo mawazo yanapokuja kwa fujo, na kesho yake kazini unasahau hata ulichotumwa. Mimi nimepita humo miaka miwili mizima.

Natunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Ritani ya VAT (taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani) mwisho wake ni tarehe 20 ya kila mwezi, lakini mimi ilianza kunitesa tarehe 12. Najumlisha risiti zilezile mara tatu, napata majibu matatu. Siku moja nikajaza malipo ya milioni 1.8 kama 8.1. Bosi akaliona kosa hilo. Sikulala siku hiyo.

Aliyenishtua ni daktari wa meno. Nilimpelekea jino linalouma, akaniambia jino ni zima, ila nasaga meno usiku. Kumbe huko nilikokuita kupumzika, yaani kujilaza na simu mpaka saa sita, mwili ulikuwa umekaza muda wote.

Nikaanza zoezi la kukaza na kulegeza misuli. Si jambo la juzi. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alilifanyia kazi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Hoja yake ilikuwa kwamba kulegea ni kitu cha kujifunza. Ukimwambia mtu mwenye wasiwasi "tulia tu", hajui aanzie wapi. Msuli anaweza kuuanzia.

Nalala chali mkekani, simu nimeiacha chumba kingine. Nakaza vidole vya miguu kama sekunde 5, naachia ghafla, nakaa kama sekunde 20 nikisikilizia tofauti. Halafu vigimbi, mapaja, tumbo, ngumi, mabega hadi karibu na masikio, taya, paji la uso. Robo saa imetosha. Usikaze kwa nguvu zote. Mimi siku ya pili kigimbi kilinikamata, mke wangu akacheka hadi machozi.

Nisikudanganye, wiki ya kwanza mawazo yalizidi. Nikiona hivyo nafumbua macho na kurudi kwenye msuli, sigombani nayo. Wiki ya tatu, nikiwa nimesimama kwenye daladala la Mbagala, nikajikuta nimepandisha mabega. Nikayashusha. Zamani nisingejua hata kama yamepanda.

Ofisini huwezi kulala sakafuni, kwa hiyo kabla ya kulinganisha daftari na taarifa ya benki navuta pumzi kwa hesabu ya 4, natoa kwa 6, dakika tatu hivi. Unapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo, ndiyo maana natoa kwa muda mrefu zaidi. Kazi haijapungua hata kidogo, na tarehe 20 ipo palepale. Ila sasa najumlisha mara moja, narudia mara moja, majibu yanafanana.

Kama ni wiki nyingi hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usiishie kwenye mkeka. Nenda hospitali, na mwambie mtu wa karibu leo hii. Na kama mgongo au goti lina jeraha, sehemu hiyo iruke, usiikaze.