Fundi Anajibu: Taiming Inapokataa Baada ya Ovaholi ya Nyumbani

SWALI: Ndugu Fundi, ninatumia Toyota Corolla AE101 yenye injini ya 4A-FE. Ilipoanza kula oili niliifungua mwenyewe nyumbani, nikabadilisha ringi za pistoni na beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), nikasaga valvu na kufunga taiming beliti mpya (mkanda unaoendesha valvu kwa kufuata krenki). Sasa inawaka, lakini haina nguvu mlimani, inakohoa kupitia njia ya hewa ninapokanyaga mafuta ghafla, na inapata joto haraka. Ili itulie nimelazimika kuzungusha distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) hadi mwisho wa nafasi ya bolti zake. Taa ya taiming, ile ya kupimia wakati wa cheche, inaonyesha nyuzi 10 zinazotakiwa, ingawa alama inachezacheza. Nimepima mgandamizo na silinda zote nne ziko kati ya psi 115 na 120. Je, ringi nilizonunua ni mbovu? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuzilaumu ringi, tuitazame kwanza hiyo distribyuta iliyofika mwisho wa nafasi yake. Injini iliyofungwa sawasawa hupata taiming yake distribyuta ikiwa karibu na katikati ya nafasi ya bolti. Inapobidi kuisukuma hadi ukingoni, mara nyingi inafidia kosa lililo kwingine. Katika 4A-FE distribyuta huzungushwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu), kwa hiyo kemshafti ikichelewa, cheche nazo zinachelewa pamoja na valvu. Wewe ukazirudisha cheche mahali pake kwa kuzungusha distribyuta, taa ikakuonyesha nyuzi 10, lakini valvu zimebaki zinafunguka na kufunga kwa wakati usio wake. Taa ya taiming hupima cheche tu. Kuhusu valvu haisemi lolote.

Vipimo vyako vya mgandamizo vinaelekea huko huko. Injini hii haipaswi kushuka chini ya psi 140 hivi, na ringi mbovu au valvu isiyokaa vizuri kwa kawaida huziangusha silinda kwa viwango tofauti. Silinda nne zikishuka karibu sawa, shaka yangu ya kwanza ni kemshafti iliyochelewa: valvu za kuingiza hewa zinafunga wakati pistoni imekwisha kupanda kiasi, na sehemu ya hewa inarudi ilikotoka. Ili kuthibitisha, tia kijiko kimoja cha oili katika kila silinda kisha upime tena, betri ikiwa imejaa na akseleta imekanyagwa hadi mwisho. Kipimo kisipopanda kwa kiasi cha maana, ringi hazina hatia.

Sasa fungua vifuniko vya beliti. Usiitegemee alama iliyo kwenye puli kubwa ya krenki peke yake, kwa sababu ukingo wa nje wa puli hiyo umegandishwa kwa mpira, na mpira ukizeeka ukingo huteleza na alama ikahama pamoja nao. Tazama gia ndogo ya krenki iliyo nyuma yake, ambayo alama yake inapaswa kulingana na ile iliyo kwenye mwili wa pampu ya oili. Ukitaka uhakika zaidi, ingiza kijiti kirefu cha plastiki katika tundu la plagi ya silinda ya kwanza na uzungushe krenki kwa mkono hadi kijiti kifike juu kabisa. Hapo ndipo tundu dogo lililo kwenye puli ya kemshafti linapaswa kutazamana na alama ya kifuniko cha beringi. Jino moja la beliti linaonekana jambo dogo, lakini gawanya nyuzi 360 kwa meno ya gia ya krenki uone: gia yenye meno 24 hukupa kosa la nyuzi 15 za krenki kwa kila jino.

Alama zikilingana hapo na tatizo likabaki, fungua kifuniko cha juu, kwa sababu beliti huvuta kemshafti moja tu na ya pili huvutwa na gia. Kwenye gia hizo mbili kuna jozi mbili za alama: moja ni ya kufungia, nyingine ni ya kuonyesha kwamba pistoni iko juu. Wengi hufunga kwa kutumia jozi isiyo yake, beliti ikaonekana safi kabisa kwa nje huku kemshafti moja imehama. Wakati huo huo pima nafasi za valvu. Ukisaga valvu na kiti chake, shina lake hupanda, nafasi inapungua, na valvu inaweza isifunge kabisa. Kwa upande wa kuingiza hewa nafasi inatakiwa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25 injini ikiwa baridi. Upande wa ekzosi huwa kubwa kidogo.

Ukirudisha beliti, legeza bolti ya tenshena (puli inayokaza beliti) ili springi yake ivute, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wa mshale wa saa, tazama alama upya, ndipo ukaze. Una bahati kwamba 4A-FE ni injini ambayo pistoni hazigongani na valvu taiming inapopotea. Kwa injini nyingine nyingi sasa ungekuwa unatafuta valvu nyingine.

Cheche ziwe za mwisho. Alama yako inachezacheza kwa sababu kompyuta ya injini inaendelea kurekebisha cheche yenyewe. Injini ikiwa imepata joto, unganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi, kisha uweke nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila waya huo, namba uliyoisoma haina maana yoyote. Ukiuondoa, cheche zitasogea mbele zenyewe, usijaribu kuzirudisha.

SWALI: Fundi, shikamoo. LiteAce yangu ya 5K ilifunguliwa silinda hedi na distribyuta ikatolewa. Alama za cheni ziko sawa, lakini injini haiwaki, inarudisha moto kwenye kaburata na kupiga mlio kwenye ekzosi. — Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Distribyuta yako huenda imefungwa kinyume. Alama ya krenki hufika juu mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa distribyuta, na ni mara moja tu ambapo silinda ya kwanza inagandamiza. Toa plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini hadi upepo usukume kidole na alama ifike. Rota, kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, inapaswa kuelekea waya wa plagi ya kwanza, na waya nyingine zifuate mpangilio wa 1-3-4-2. Unapoirudisha, rota itageuka kidogo kwa sababu meno ya gia yamelala kiulalo, basi ianzishe nyuma kidogo ya pale unapoitaka. Ikikataa kukaa hadi chini usiivute kwa bolti: ncha yake ndiyo inayozungusha pampu ya oili, kwa hiyo geuza mfereji wa pampu kwa bisibisi ndefu mpaka viingiliane. Injini ikiwaka na taa ya oili isizimike mara moja, zima.