Ruhusa ya mume kazini: jibu kwa dada wa Bukavu

Dada yangu, umeuliza kama mwajiri wako hapa Bukavu anaweza kukudai barua ya ruhusa ya mume kabla ya kukuajiri. Hawezi. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilidai ruhusa hiyo, lakini marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliiondoa, na sasa wanandoa wote wawili wanatakiwa kukubaliana kabla ya mmoja wao kujifunga kwa mkataba, yaani hata mumeo anapaswa kushauriana nawe. Mume amebaki kiongozi wa nyumba kisheria, jambo linalonisikitisha. Zungumza naye kwa utulivu, watoto wakiwa wamelala, na mpige pamoja hesabu ya pesa za shule.