Maswali ya Wasomaji: Voisi noti ya bei ya korosho

SWALI: Dada mhariri shikamoo. Mi niko Tandahimba, najitolea redio ya hapa kwetu. Kwenye magrupu ya wasapu inazunguka voisi noti, jamaa anasema mnada wa kesho bei ya korosho inaporomoka wanunuzi wamejitoa. Wakulima wananipigia simu, ila bosi kakataa tusiisome hewani. Si habari kubwa hiyo? Na upotoshaji ni uongo tu au kuna zaidi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jambo lenyewe ni habari, hapo hujakosea. Bei ya korosho huko inagusa karibu kila nyumba, ada ya mtoto, bati, deni la dukani, na mnada ni kesho, kwahiyo uzito upo. Mwaka 2018 wakulima walipogomea bei za wanunuzi, serikali ikatangaza kununua yenyewe shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingizwa kusomba mzigo, nchi nzima ilifuatilia, hata watu ambao mkorosho hawajawahi kuuona. Ila jambo kuwa kubwa hakulifanyi kuwa kweli, bosi wako yuko sahihi kabisa.

Jiulize huyo jamaa bei ya kesho kaijuaje? Bei inapatikana mnadani, wanunuzi wanashindana, inasomwa na wakulima ndo wanakubali au wanakataa. Sasa angalia nani anafaidika mkulima akiingiwa hofu leo usiku: kangomba, yule mlanguzi anayenunua nje ya mnada! Anakuja na hela mkononi anachukua gunia kwa bei ya kutupa, na mtu mwenye mgonjwa ndani atauza tu. Hilo linaniuma sana, maana msimu ni mmoja kwa mwaka.

Sisemi aliyerekodi ni kangomba, sina ushahidi, na wewe usiseme hewani. Kuna anayetunga kwa makusudi na kuna shangazi yako anayefowadi kwa nia njema, madhara kwa mkulima ni yaleyale. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana anayesambaza kitu huku anajua ni uongo. Halafu kuna upotoshaji wa kutumia kitu cha kweli, mfano video ya mnada wa msimu uliopita inarushwa kama ya leo, au mtangazaji anasoma bei ya juu tu, ile ya chini anaiacha, mkulima akija kulipwa anaona ameibiwa.

Cha kufanya leo, piga TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, piga na Bodi ya Korosho, ongea na viongozi wawili watatu wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya wakulima, muulize kila mmoja yeye kajuaje, kama wote wameisikia kwenye voisi noti ileile basi hujapata kitu. Wakithibitisha mnada upo, anza na hilo: mnada upo kesho, bei bado haijapatikana. Sauti ya jamaa usiirushe kabisa. Na kesho ukisoma bei taja ya juu na ya chini, taja mnada wa chama gani na tarehe, na uwaambie makato bado hayajatolewa.